Mto mmoja, tafiti tatu: mwaka wa mwisho uchague kompyuta, hisabati au mazingira?

Vyuo vikishafunguliwa tu, simu yangu huanza kupokea swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu waliofika mwaka wa mwisho: "Dada, projekti nifanye ya nini?" Wengi wao wanasoma shahada ya sayansi yenye mchanganyiko wa masomo, kwa hiyo mlango wa kompyuta uko wazi, wa hisabati uko wazi, na wa mazingira nao uko wazi. Mwenye mlango mmoja huingia. Mwenye mitatu husimama nje mpaka idara idai jina la mada, kisha anachukua inayofanana na ya mwenzake wa chumbani.

Mimi nilifanya ya mazingira, baadaye nikaingia kwenye kazi ya kuandika programu, na kwa miaka kadhaa sasa nasoma maandiko ya wanafunzi kabla hawajayapeleka kwa wasimamizi wao. Swali ninaloulizwa zaidi ni ipi rahisi kati ya hizo tatu. Sijaona iliyo rahisi. Nilichoona ni kwamba kila moja inakukwamisha kwa namna yake. Kwenye kompyuta utakwama mara ishirini kwa siku, na kila mara utajua umekwama. Kwenye hisabati unaweza kukaa wiki tatu na karatasi bila kujua kama unasogea. Kwenye mazingira unaweza kukwama mara moja tu, mvua ikishapita, na hapo hakuna wa kumlilia. Chagua mkwamo ambao moyo wako unaumudu.

Ili tusizungumze hewani, nitazipeleka zote tatu kwenye Mto Msimbazi pale Dar es Salaam. Mto huu unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, unashuka Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo anayeutafiti mto huu anagusa maisha ya watu anaopanda nao daladala.

Ukiupeleka mto kwenye kompyuta

Swali lako linaweza kuwa hili: je, picha za setilaiti zinaweza kutuonyesha ni sehemu gani za bonde zinaingia maji? Data zipo na ni za bure. Setilaiti ya Sentinel-2 inapiga picha ambazo kila pikseli yake, yaani kile kijimraba kinachounda picha, ni mita 10 kwa mita 10, na inarudi mahali pale pale kila baada ya siku 5. Landsat ina kumbukumbu tangu 1972, japo picha zake za siku hizi ni za mita 30. Google Earth Engine inakuruhusu kuchakata hayo yote kwenye mashine zao, kwa hiyo hata laptopu ya zamani inatosha, mradi bando lipo.

Kikwazo cha kwanza ni mawingu. Siku ambayo Jangwani imejaa maji ndiyo siku ambayo anga limefunikwa, na Sentinel-2 haioni kitu. Utalazimika kwenda kwenye Sentinel-1, inayotumia rada na kupenya mawingu, nayo inasumbuliwa na majengo yaliyobanana kwa sababu mawimbi yanagonga maji, yanagonga ukuta, yanarudi yakiwa na sura ya nchi kavu. Hapo tayari una jambo la kutafiti kwa miezi mitatu.

Kikwazo cha pili ndicho kinachowaangusha wengi siku ya kudifendi. Tuseme una pikseli 1,000, na zenye maji ni 40. Programu isiyojua chochote, inayosema "kavu" kila inapoulizwa, itapata usahihi wa asilimia 96. Nimesoma maandiko yenye namba nzuri kuliko hiyo ambayo, ukifungua jedwali, unakuta mfumo haujagundua hata robo ya maeneo yaliyofurika. Kwa mkazi wa Jangwani, zile 40 ndizo zenye maana. Mwulize mfumo wako: kati ya hizo 40, umeziona ngapi? Na kati ya ulizosema zina maji, ngapi kweli zilikuwa nayo? Andika namba hizo mbili ukurasa wa kwanza wa matokeo.

Kuna mtego mwingine ulio karibu na huo. Mwanafunzi anachanganya pikseli zake zote kama karata, anachukua asilimia 80 za kuufundishia mfumo na 20 za kuupimia. Kwa picha za ardhi hilo ni kosa. Pikseli ya kupimia inakuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na ya kufundishia, na majirani wanafanana. Ni sawa na kumpa mtu kwenye mtihani swali alilofanyia mazoezi jana. Gawa kwa eneo: fundisha kwa Vingunguti na Kigogo, pima kwa Jangwani. Usahihi utashuka, pengine sana. Uandike ulivyoshuka, kwa sababu huo ndio utafiti wako. Anayekusimamia akiwa mtu makini ataupenda kuliko asilimia 98 isiyo na mizizi.

Mkwamo wa kompyuta, basi, ni wa kila saa: maktaba ya programu haifunguki, faili limekataa, safu mbili hazilingani urefu. Kila kosa linajitangaza kwa maandishi mekundu. Wapo wanaolipenda jambo hili, wanaona kila wekundu ni fumbo. Wapo linaowachosha mpaka wanachukia skrini. Unajijua.

Neno moja kuhusu akili mnemba inayokuandikia programu. Itumie kama unavyomtumia rafiki aliyekutangulia darasani, lakini mstari usioweza kuueleza mbele ya jopo usiuache kwenye kazi yako. Swali la kwanza wanalouliza ni "kwa nini umetumia njia hii na si ile?", na jibu lake haliko kwenye programu.

Ukiupeleka kwenye hisabati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wanaukimbia mlango huu bila kuchungulia ndani. Wanadhani utafiti wa hisabati ni kuthibitisha kitu ambacho hakuna aliyewahi kukithibitisha. Kwa shahada ya kwanza, mara nyingi ni kuchukua mlinganyo unaojulikana, kuupeleka mahali ambapo haujapelekwa, na kueleza kwa ukamilifu unasema nini na unakosea wapi.

Chukua fomula ambayo mhandisi wa Ireland, Robert Manning, aliiwasilisha mwaka 1889. Kwa mto mpana, inasema kasi ya maji inakua sawia na kina kikipandishwa kipeo cha theluthi mbili. Maji yanayopita ni kasi mara kina, kwa hiyo yanakua kwa kipeo cha 5/3. Piga hesabu: kina kikiongezeka mara mbili, mteremko na ukwaruzo wa mto vikibaki vile vile, maji yanayopita yanaongezeka zaidi kidogo ya mara 3.1. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini wazee wa bondeni husema mto "umegeuka ghafla".

Endelea hatua moja. Ukitafuta jinsi kiasi cha maji yanayopita kinavyobadilika kadiri kina kinavyobadilika, unapata kasi ya wimbi la mafuriko lenyewe, na inatoka kuwa 5/3 ya kasi ya maji. Wimbi linakwenda mbele ya maji yanayolibeba. Tupa kijiti mtoni: kikienda mita 1.5 kwa sekunde, wimbi linakwenda mita 2.5. Kwa umbali wa kilomita 10, kijiti kinatumia karibu saa moja na dakika 51, wimbi linatumia saa moja na dakika 7. Mtu anayekadiria muda wa kukimbia kwa kuangalia takataka zinavyoelea juu ya maji anajipa dakika 40 ambazo hana. Haya yote yanafanyika kwa penseli, alasiri moja, na somo la kukokotoa mabadiliko ulilofundishwa mwaka wa kwanza.

Kisha kazi ya kweli inaanza. Mto una kona, una taka zinazoziba chini ya madaraja, na karibu na bahari maji ya kujaa yanauzuia usishuke; pale fomula ya wimbi linalokwenda upande mmoja inavunjika, na unahitaji milinganyo ya mwendo wa maji ya Saint-Venant ya mwaka 1871, ambayo haitatuliki kwa mkono isipokuwa kwa hali chache. Utaigawa njia ya mto vipande vipande na kuisogeza kwa hatua ndogo za muda. Hatua nazo zina sheria, iliyoandikwa na Courant, Friedrichs na Lewy mwaka 1928: kwa njia za kawaida za kusonga mbele hatua kwa hatua, wimbi lisiruke kipande kizima ndani ya hatua moja. Ikiwa wimbi la kasi kuliko yote ni la mita 2.5 kwa sekunde, vipande vya mita 10 vinakupa hatua isiyozidi sekunde 4. Ukiweka 5, namba zako zitaanza kuchezacheza, kisha zitalipuka, na mto wako utakuwa na kina cha kilomita.

Mkwamo wa hisabati ni wa kimya. Hakuna maandishi mekundu. Unaandika kurasa sita, unagundua kwenye ukurasa wa pili ilipotea alama ya kutoa, unarudi. Au hujakosea popote na bado jibu halitoki, kwa sababu ulianza na dhana nzito mno. Rafiki yangu mmoja alikaa mwezi mzima hivi. Alichofanya hatimaye ni kufuta nusu ya dhana zake na kubaki na mto ulionyooka, usio na kona. Tasnifu yake ilitoka fupi, kurasa chache kuliko zote za mwaka wetu, na kila aliyeisoma aliielewa. Ukiwa mtu anayehitaji kuona kitu kimeongezeka kila jioni ndipo alale, mlango huu utakuumiza.

Ukiupeleka kwenye mazingira

Swali: maji ya Msimbazi yanachafuka kiasi gani kati ya juu na chini ya Vingunguti, penye machinjio na mabwawa ya majitaka? Linasikika jepesi. Unachukua chupa, unateka, unapeleka maabara. Nami nilifikiri hivyo.

Kipimo ambacho karibu kila mmoja anakitaka ni kile cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu, BOD kwa jina la maabara. Unapima oksijeni iliyomo kwenye chupa siku ya kwanza, unaifungia gizani kwa nyuzijoto 20, unapima tena baada ya siku 5. Tofauti ndiyo jibu. Sasa hesabu siku. Mimi niliteka Jumatatu, nikiwa na nguvu za mwanzo wa wiki. Siku ya tano ikaangukia Jumamosi, maabara niliyokuwa naitumia imefungwa. Nilisoma chupa zangu Jumatatu iliyofuata zikiwa na siku saba, na sampuli za vituo vinne hazikufaa kwa lolote. Teka Jumatano, usome Jumatatu. Au Alhamisi usome Jumanne. Hakuna mhadhara uliowahi kuniambia hivyo.

Oksijeni ya mtoni, joto na pH vipimwe pale pale ukingoni, maana vinabadilika kwenye chupa ukiwa bado kituoni unasubiri gari. Maji safi ya nyuzijoto 28 yanaweza kubeba oksijeni karibu miligramu 7.8 kwa lita. Ukipata 9 Vingunguti, shuku kwanza kwamba mita yako haijasawazishwa. Sampuli za bakteria ziende kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa chache, zisizidi sita ikiwezekana. Foleni ya Dar uijumlishe humo.

Ukifika chini, karibu na Salenda, bahari inaingia kwenye utafiti wako bila kuombwa. Maji yakijaa unateka bahari, yakipwa unateka mto, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita 3. Muda wa kupwa unasogea kwa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo "kila Jumatano saa nne asubuhi" si ratiba inayofanana hata kidogo. Angalia jedwali la maji ya bahari kwanza, kalenda yako baadaye.

Halafu msimu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Linganisha na mwaka wa chuo: wakati wa vuli ndiyo kwanza unaandika pendekezo la utafiti na kusubiri barua ya utambulisho ipite manispaa, kata na mtaa. Wakati wa masika uko mtoni, na masika ikiisha unatakiwa kukabidhi. Ukikosa wiki mbili za mvua kubwa kwa sababu ya barua, hakuna wa kukurudishia. Anayetaka mlango huu aanze kufuatilia barua kabla hata pendekezo halijakamilika, na awe na swali la akiba linaloweza kujibiwa wakati wa kiangazi.

Kwa upande mwingine, hakuna utafiti mwingine kati ya hizi tatu utakaokupa watu kama huu. Mama mmoja anayeuza mboga kando ya maji alinionyesha alama ukutani kwake, moja ya kila mafuriko aliyoyakumbuka. Hakuna setilaiti iliyonipa hiyo. Vaa buti na glavu, usiende peke yako, na usiteke ukiwa katikati ya maji baada ya mvua.

Fedha

Kompyuta inakula bando na umeme. Hisabati inakula karatasi. Mazingira inakula nauli, vitendanishi na ada za vipimo, na vipimo ni kwa sampuli: vituo vinne, mara tatu kila kimoja, siku tano tofauti, ni sampuli 60. Ulizia bei ya kipimo kimoja, zidisha, ndipo uandike idadi ya vituo. Wenye mkopo wa HESLB wakumbuke kwamba utafiti ni kipengele kinachojitegemea kwenye mkopo. Angalia kama umepangiwa, na usipange kazi ya Machi kwa fedha ambayo hujaiona.

Msimamizi na baada ya chuo

Mada nzuri kwa msimamizi asiyeijua ni mzigo wa watu wawili. Kwenye kompyuta wasimamizi wana wanafunzi wengi, utamwona kwa foleni. Nenda na swali moja lililoandikwa, si na "imegoma". Walimu wa hisabati mara nyingi wana wanafunzi wachache wa projekti na wanakaa nawe kwenye ubao, jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwenye mazingira, rafiki wa kweli ni fundi sanifu wa maabara. Msalimie mapema.

Kazi ya kompyuta inaonekana haraka: programu yako ipo hadharani, mwajiri anaifungua. Hisabati inafungua milango ya kusoma zaidi, ukiwemo ule wa AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na sasa ina kituo Kigali. Mazingira inakuingiza kwenye kazi za tathmini ya athari kwa mazingira, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka kabla ya miradi mingi kuanza. Ningekuwa wewe, nisingechagua kwa kipengele hiki. Niliowaona wakifika mbali walitoka milango yote mitatu.

Na ukitaka kuchanganya

Inawezekana, na pale Dar imeshafanyika. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuchora nyumba na mitaro ya kata zinazofurika, na ramani hizo ziko OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kwa yeyote. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuzitumia kusahihisha picha zake, wa hisabati kupata upana wa mitaro, wa mazingira kuchagua vituo. Lakini ukichanganya, mlango mmoja uwe nyumba na mwingine uwe dirisha. Anayetaka kuteka maji, kutatua Saint-Venant na kufundisha mashine ndani ya miezi minane atakabidhi vipande vitatu visivyojuana.

Ikiwa bado umesimama nje, mdogo wangu, chukua siku tatu kabla ya kupeleka jina la mada. Siku ya kwanza, fungua picha moja ya Sentinel-2 ya mahali unapopajua na ujaribu kutenganisha maji na ardhi. Ya pili, chukua fomula ya Manning na utoe ile 5/3 mwenyewe, bila kuangalia popote. Ya tatu, nenda mtoni au hata mtaroni kwenu na daftari, kaa saa tatu, kila baada ya dakika kumi andika kina, rangi, harufu na nani amepita. Usijiulize siku ipi ulifanikiwa. Angalia ni siku gani kati ya hizo tatu ulisahau kula.